Sierra Nevada: mlima wa graniti uliolala upande mmoja (uzi mrefu, vuta kiti)

#1 Gurudumu18

Wakuu, salaam.

Ni mwaka wa sita sasa naendesha lori huku California. Njia yangu kubwa ni Sacramento kwenda Reno kwa barabara ya I-80, na kiangazi hupangiwa kushuka kusini kwa barabara ya 395. Nimeuvuka huu mlima mara nyingi mpaka nimeacha kuhesabu, lakini mwaka wa kwanza sikuuelewa hata chembe. Akilini mwangu mlima ulikuwa mlima tu: unapanda, unafika juu, unashuka. Sierra Nevada haiko hivyo, ndiyo maana nimeona nilete hii mada.

Tuanze na barabara yenyewe. Sacramento iko karibu kabisa na usawa wa bahari. Kuanzia hapo unapanda kilomita zaidi ya 130, taratibu, mpaka unasahau kama unapanda: vilima vya majani makavu, kisha mialoni, kisha misonobari, kisha mawe meupe yanaanza kuchungulia kati ya miti. Unafika Donner Summit, mita 2,200 hivi. Ukishavuka hapo, dakika chache tu uko mji wa Truckee na breki zinanuka.

Na hapo kaskazini ndipo mlima una huruma. Nenda kusini, Lone Pine. Mji uko kama mita 1,140 juu ya bahari. Ukinyanyua shingo kutazama magharibi unaona Mount Whitney, mita 4,421, kilele kirefu kuliko vyote Marekani ukiitoa Alaska. Kutoka mjini hadi kileleni, kwa mstari wa ndege, ni kama kilomita 20. Zaidi ya mita 3,000 za kupanda ndani ya kilomita 20! Ukienda upande wa pili wa kilele hichohicho, utatembea zaidi ya kilomita 60 za milima na makorongo kabla hujakanyaga tambarare ya bonde la kati.

Chukua ubao mrefu ulaze chini, halafu inua ukingo mmoja tu. Hiyo ndiyo Sierra Nevada. Urefu wa ubao ni karibu kilomita 640, upana kilomita 100 na zaidi kidogo, na ukingo ulioinuliwa ni wa mashariki. Kwa maoni yangu, ukishalishika hilo moja, mengine yote ya mlima huu yanajieleza: mito inakoelekea, miti inapoota, kwa nini watu walikufa kwenye theluji, na kwa nini mji mmoja ulikausha ziwa la wenzake.

Nitaendelea baadaye. Maswali ruksa.

#2 Kidagaa

Nimeshatandika mkeka. Tiririka mkuu.

#3 Bi Tausi

Kaka Gurudumu, asante kwa mada. Naomba kuuliza, huo mlima ulilipuka kama Kilimanjaro? Maana kichwani mwangu mlima mrefu ni volkano.

#4 Gurudumu18

Dada Bi Tausi, swali zuri, tena na mimi nililiuliza. Jibu fupi: hapana. Jibu refu: kidogo ndiyo, ila volkano zenyewe zimeshakufa na kuisha.

Enzi za dinosaria, bamba la ardhi lililokuwa chini ya Pasifiki (wanajiolojia huliita Farallon) lilikuwa linazama chini ya bara la Amerika Kaskazini. Bamba likizama linashuka na maji yaliyonaswa kwenye madini yake. Yale maji yakipanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, mwamba unayeyuka kwa joto ambalo ungekuwa mkavu usingeyeyuka. Hiyo ndiyo magma. Sehemu yake ilitoka juu ikawa volkano, lakini nyingi sana haikutoka. Ilikwama kilomita kadhaa chini, ikapoa polepole mno, na kupoa polepole ndiko kunakozaa graniti: fuwele zinapata muda wa kukua, ndiyo maana unaziona kwa macho. Kwatzi inayong'aa kama kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na ule weusi unaometameta, ulanga.

Sehemu kubwa ya mwamba huo iliganda kati ya miaka milioni 120 na 85 iliyopita. Na haikuwa mara moja. Ni mamia ya mafungu ya magma, moja likisukumana na jingine. Volkano za juu zikaliwa na mvua na mito mpaka zikaisha, na kilichokuwa jikoni chini ndicho sasa tunachokiona kileleni.

Kwa hiyo ukisimama juu ya Half Dome, lile jiwe kubwa la bonde la Yosemite, umesimama ndani ya tumbo la volkano za zamani, siyo juu yake.

#5 Mwashi

Mkuu, mimi kazi yangu ni mawe, naomba nitie neno kabla hujafika mbali.

Kwanza hilo jiwe mnaloliita graniti, sehemu kubwa ya Sierra kwa kipimo cha wataalamu ni granodiorite, binamu yake mwenye feldispa ya aina nyingine nyingi zaidi na weusi kidogo zaidi. Hata Half Dome yenyewe jina la mwamba wake ni Half Dome Granodiorite. Sigombi, maana hata sisi mafundi tunaita graniti yote, na wazee wengine wanaita itale.

Pili, na hapa ndipo nagoma kidogo: unasema ukijua ubao umeinuliwa upande mmoja umejua yote. Hapana. Ubao unaeleza ramani. Hauelezi maumbo. Kwa nini pale Yosemite ukuta wa El Capitan umesimama mita 900 bila ngazi, lakini mwendo mfupi tu pembeni jiwe limekuwa duara kama upara? Mwamba ni wa familia ileile, mvua ileile, barafu ileile. Jibu ni mipasuko. Fundi yeyote wa mawe atakwambia, jiwe halivunjiki unapotaka wewe, linavunjika linapotaka lenyewe.

#6 Gurudumu18

Mwashi, hapo umenibana na nakubali. Endelea wewe, mimi ni mtu wa usukani.

#7 Mwashi

Haya, mmenipa mic wenyewe.

Graniti ikiwa nzima ni ngumu kweli. Maji hayaingii, mizizi haiingii, mito ya barafu ya zamani ikipita juu inaisugua tu mpaka inang'aa. Udhaifu wake uko kwenye nyufa, na nyufa za Sierra ni za aina mbili kuu.

Aina ya kwanza ni zile zilizosimama wima, zimepangana kama kurasa za kitabu. Zinapokuwa karibu karibu, mwamba unaliwa haraka na unapata mabonde na vilele vyenye ncha. Zinapokuwa mbalimbali unapata El Capitan. Ule uso uliokatwa wa Half Dome umefuata nyufa za namna hiyo. Watu wengi hudhani kulikuwa na nusu ya pili ikaanguka. Jina linadanganya: kilichopotea ni sehemu ndogo tu. Ukiutazama kutoka upande mwingine unaona ni tuta refu jembamba, siyo mpira uliokatwa katikati.

Aina ya pili ndiyo inayonifurahisha zaidi. Huu mwamba uliganda chini ya kilomita kadhaa za mawe mengine, umebanwa. Mzigo wa juu ulipoondoka, mwamba ukapumua, ukajipasua matabaka yanayofuata umbo la uso wake, kama maganda ya kitunguu. Ganda la nje likidondoka, kona zinaondoka nalo, na linalofuata linakuwa duara zaidi. Ndiyo mwanzo wa zile kuba zote. Pale Royal Arches bondeni Yosemite unayaona maganda yenyewe yamebaki ukutani kama matao ya mlango.

Na kazi haijaisha. Wanajiolojia wameweka vipimo nyuma ya ganda moja la Yosemite wakaona jua la mchana linalifungua kidogo, usiku linarudi, lakini halirudi lote. Siku moja linaachia, hata kama hakuna mvua wala tetemeko. Tarehe 10 Julai 1996 bamba kubwa la mwamba liliachia kutoka pande za Glacier Point likatua Happy Isles. Upepo uliosukumwa na ule mwanguko peke yake uling'oa na kuvunja mamia ya miti, na mtu mmoja alifariki.

#8 Kidagaa

Mwashi umetisha. Kumbe jiwe nalo linapumua.

#9 Mwl. Chaki

Uzi umetulia, hongereni. Naongeza kisa kimoja ambacho huwa nawasimulia wanafunzi, maana kinaonyesha sayansi si mambo ya vyeo.

Miaka ya 1860 mkuu wa upimaji wa jiolojia wa California alikuwa Josiah Whitney, profesa mwenye jina. Alishikilia kwamba bonde la Yosemite lilitokea kwa sakafu yake kudidimia ghafla, kama mlango wa sakafuni unaofunguka. Akaja John Muir, aliyeingia kule milimani kuchunga kondoo mwaka 1869. Muir akasema ni kazi ya mito ya barafu, ile inayotambaa polepole kwa uzito wake: mikwaruzo ipo juu ya mwamba, mawe mageni yameachwa juu ya kuba, kila dalili ipo. Whitney akamdharau, mchunga kondoo atajua nini. Mwaka 1871 Muir akaonyesha barafu hai, yaani inayotembea, bado ipo kule juu.

Uchunguzi wa baadaye, hasa wa François Matthes uliotoka 1930, ulimpa Muir sehemu kubwa ya haki. Siyo yote, kwa sababu Muir aliipa barafu kila kitu, wakati mito ilikuwa imeshachonga sana kabla ya barafu kufika, na nyufa za bwana Mwashi nazo zilichagua pa kukatika. Ile sakafu bapa ya bonde inayopendeza kwenye picha ni mchanga na tope vilivyojaza ziwa. Mwamba wenyewe, mahali penye kina zaidi, uko karibu mita 600 chini ya nyasi.

Na mlima mrefu kuliko yote ukapewa jina la nani? La Whitney.

#10 Gurudumu18

Mwalimu umenikumbusha la Whitney, lazima nilimwage hapa, maana wazee wa Lone Pine hulisimulia mpaka leo wakicheka.

Kijana wa ile timu ya upimaji, Clarence King, ndiye alikuwa na kiu ya kuwa wa kwanza kileleni. Mwaka 1871 akapanda akiwa kwenye ukungu, akafika juu, akashuka na sifa zake. Miaka miwili baadaye ikagundulika kwamba alipanda mlima mwingine, ule unaoitwa sasa Mount Langley. Akafunga safari haraka kurudi kurekebisha. Akachelewa. Agosti 18, 1873 wavuvi watatu wa bondeni, Charles Begole, Albert Johnson na John Lucas, walikuwa wameshafika kileleni mwezi mmoja kabla yake. Watu wa bonde wakataka uitwe Fisherman's Peak. Hawakusikilizwa.

Sasa nirudi kwenye ubao wangu. Mwashi, nyufa nakuachia. Ila ukingo wa mashariki umeinuka kwa sababu gani? Kwa sababu kuna ufa mkubwa wa ardhi chini yake, na ufa huo uko hai. Tarehe 26 Machi 1872, usiku wa manane, bonde la Owens, ilipo Lone Pine, lilitetemeka. Lone Pine ilikuwa na nyumba 59, zikaanguka 52, nyingi za udongo. Walikufa watu 27, na wengi wao wamezikwa kwenye kaburi moja kaskazini ya mji, kando ya barabara ya 395. Nilisimamisha lori pale siku moja kunyoosha miguu bila kujua nimesimama wapi. Ukitembea kidogo unaona ngazi ya udongo imekatiza ardhi, kana kwamba mtu alishusha upande mmoja wa dunia. Tena wataalamu wanasema siku ile ardhi ilihama zaidi kwa pembeni kuliko kwenda juu.

#11 Bi Tausi

Kwa hiyo mlima una miaka milioni mia au ni wa juzi? Naona mnachanganya, mara dinosaria, mara 1872.

#12 Mwl. Chaki

Bi Tausi, tenganisha mwamba na mlima. Unga unaweza kuwa wa zamani na mkate wa leo.

Umri wa mwamba haubishaniwi. Umri wa kimo ndio ugomvi. Kundi moja linasema mlima umeinuka hasa katika miaka milioni 5 hadi 10 iliyopita, likionyesha lava na changarawe za mito ya kale ambazo sasa zimeinama kuliko mto wowote unavyoweza kutiririka. Kundi la pili linasema palikuwa juu tangu zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Hao wamepima haidrojeni iliyonaswa kwenye udongo wa mfinyanzi wa kale, kwa sababu mvua ya mlimani huacha alama tofauti na mvua ya bondeni, na alama walizozikuta ni za mlimani. Mimi binafsi nadhani kila kundi limeshika kipande cha ukweli: palikuwa pameinuka zamani, kisha ukingo wa mashariki ukakatika na kuinamishwa baadaye. Lakini mjadala bado uko wazi. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha mlima unaendelea kupanda milimita moja hadi mbili kwa mwaka.

#13 Ngamia Mweusi

Mawe, mawe, mawe. Kwa mkulima wa kawaida au mtu wa mjini kule hayo yanamsaidia nini? Naona mnajifurahisha tu.

#14 Gurudumu18

Ngamia, umeleta kuni zenyewe. Tuongee maji.

Dhoruba za majira ya baridi zinatoka Pasifiki, zinaelekea mashariki, zinakutana na ule mteremko mrefu wa magharibi. Hewa inapandishwa polepole, inapoa, inamwaga mzigo wake. Ikifika ukingoni imeshakamuliwa. Upande wa pili inashuka ikipata joto, inakuwa kavu. Hiki ndicho kivuli cha mvua. Bonde la Owens, ambalo linatazama theluji mwaka mzima, hupata chini ya milimita 150 za mvua kwa mwaka. Ukiendesha 395 mwezi wa sita, kushoto jangwa, kulia theluji, unahisi mtu amebandika picha mbili vibaya.

Upande wa magharibi ndio wenye mito mikubwa: Feather, Yuba, American, Tuolumne, Merced, San Joaquin, Kings, Kaweah. Yote inafuata mwinamo wa ubao. Mto Kern pekee ndio mbishi, unakwenda kusini kwanza. Upande huohuo wa magharibi ndio pekee duniani ambako miti mikubwa ya sekwoya inaota kwa asili. General Sherman ana mita 83.8 na ndiye mti mkubwa kuliko yote kwa ujazo wa shina. Mashariki hutakuta hata mmoja.

Sasa sikia faida. California hainyeshi kiangazi. Kinachoshikilia maji mpaka mwezi wa saba ni theluji ya Sierra, na hesabu inayotumika sana ni kwamba inatoa karibu asilimia 30 ya maji ya jimbo. Kila majira watu wanakwenda kuchoma mirija kwenye theluji na kuipima uzito, njia aliyoianzisha profesa James Church pale Mount Rose mwanzoni mwa karne iliyopita. Kinachopimwa ni maji, kina peke yake hakitoshi, maana theluji laini inaweza kuwa ndefu na tupu. Kipimo kikubwa hutazamwa tarehe 1 Aprili. Mwaka 2015 siku hiyo gavana Jerry Brown alisimama Phillips Station, kituo cha kupimia theluji, juu ya nyasi kavu, mahali ambapo kwa kawaida angezama. Theluji ya mlima mzima ilikuwa asilimia 5 ya wastani. Siku hiyohiyo akatangaza amri ya kupunguza matumizi ya maji.

Kwa hiyo mtu wa mjini mawe yanamhusu. Kila akifungua bomba.

#15 Ngamia Mweusi

Sawa, hapo umenipata. Na lile ziwa uliloahidi lililokaushwa?

#16 Gurudumu18

Owens Lake. Ukingo wa mashariki una vijito vingi vifupi, vinashuka kwa kasi na kuishia kwenye maziwa yasiyo na njia ya kutokea. Jiji la Los Angeles likanunua ardhi na haki za maji bondeni, likajenga mfereji wa karibu kilomita 375, ukafunguliwa mwaka 1913. Hauna pampu hata moja, maji yanajiendea yenyewe kwa mteremko. Kama kazi ya uhandisi, kofia naivua. Kama jirani, sina la kusema. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 ziwa lilikuwa limekauka, na vumbi lake la chumvi likawa miongoni mwa uchafuzi mbaya kabisa wa vumbi nchini Marekani. Jiji limeshatumia zaidi ya dola bilioni moja kulituliza. Nimepita pale siku ya upepo, taa kamili zimewashwa saa nane mchana.

Mwaka 1941 wakasogea kaskazini wakaanza kuchota vijito vya Mono Lake. Huko walikutana na upinzani. Mwaka 1983 mahakama kuu ya California ikasema serikali ina wajibu wa kulinda ziwa kama mali ya umma, na mwaka 1994 ikatolewa amri ya kulirudisha kwenye kimo maalumu. Kimo hicho bado hakijafikiwa.

Na msidhani Los Angeles peke yake. San Francisco nayo ilipewa bonde zima la Hetch Hetchy, ndani ya hifadhi ya Yosemite, kwa sheria ya 1913. Bwawa likakamilika 1923. Kuta za graniti za pale watu husema zilikuwa pacha wa Yosemite. Sasa zimesimama na maji shingoni.

#17 Kidagaa

Mkuu na wale waliokufa kwenye theluji? Ulitaja mwanzoni ukapita.

#18 Gurudumu18

Hao ni msafara wa Donner, 1846. Wahamiaji 87 kwa magari ya ng'ombe, wanatoka mashariki. Kumbukeni ubao: aliyetoka mashariki anakutana na ukuta kwanza. Baada ya miezi ya kutembea, ng'ombe wamechoka, chakula kimepungua, wanafika ziwani chini ya kipito mwishoni mwa Oktoba na theluji imeshaanza. Kutoka ziwani mpaka juu ni kama mita 350 tu za kimo. Wangevuka, mteremko mrefu wa magharibi ungewashusha polepole mpaka bondeni. Hawakuvuka. Karibu nusu walikufa majira yale, na baadhi ya waliopona walikula maiti za wenzao. Mimi napita pale kwa dakika kumi, na theluji ikizidi nafunga minyororo kwenye matairi nikilalamika baridi ya vidole.

#19 Mwashi

Hapohapo Donner kuna kazi ya mikono ambayo kila fundi angepaswa kuiona. Reli ya kuvuka bara, kampuni ya Central Pacific, ililazimika kutoboa ile graniti. Handaki la kileleni lina mita 506, na waliolitoboa wengi wao sana walikuwa Wachina. Waliingia kutoka ncha zote mbili, kisha wakachimba shimo kutoka juu mpaka katikati ili watu wafanye kazi kwenye nyuso nne kwa mpigo. Hata hivyo, kwa patasi, nyundo na baruti, mwendo ulikuwa kama sentimita 30 kwa siku kila uso. Baadaye wakatumia nitrogliserini waliyoitengeneza palepale. Walikutana katikati Agosti 1867.

Nje ya handaki kuna ukuta wa kushikilia kifusi, unaitwa China Wall. Mawe makavu, hakuna chokaa wala saruji, kila jiwe limechongwa likae na mwenzake. Treni ziliacha kupita pale 1993. Ukuta bado umenyooka.

#20 Bi Tausi

Wachina wenyewe majina yao yapo?

#21 Mwashi

Machache mno, Bi Tausi. Kampuni iliandika zaidi majina ya mawakala na viongozi wa vikundi.

#22 Mwl. Chaki

Na wao si wa kwanza kuuvuka mlima huu. Wenyeji asilia, Wapaiute wa mashariki, walikuwa wakivuka na jiwe la kioo cha volkano, chumvi na mbegu za msonobari, wakirudi na mbegu za mwaloni kutoka kwa Wamiwok wa magharibi. Ubao wa Gurudumu tena: kila upande una kisichopatikana kwa mwenzake, kwa hiyo lazima pawe na biashara. Barabara ya Tioga, mita 3,031, inapita jirani na njia zao za zamani. Kusini ya hapo, kwa zaidi ya kilomita 200, hakuna barabara ya gari inayokatiza mlima mpaka leo.

#23 Kidagaa

Swali la mwisho kwangu. Ile barafu ya Muir bado ipo?

#24 Mwl. Chaki

Ipo inayolegalega. Mwaka 1872 Muir alichomeka vigingi kwenye barafu ya Maclure akapima mwendo wake: takriban sentimita 2.5 kwa siku. Miaka 140 baadaye watafiti wakarudia kipimo kileile, wakakuta Maclure bado inatembea kwa kasi karibu ileile, ingawa imepungua sana mwili. Jirani yake Lyell, iliyokuwa kubwa kuliko zote Yosemite, hawakuona mwendo wowote. Mwaka 2013 wakatangaza imesimama. Imekonda mno, haina tena uzito wa kujisukuma, kwa hiyo kitaalamu si mto wa barafu, ni bonge la barafu linalosubiri.

#25 Ngamia Mweusi

Gurudumu, nikija huko siku moja, nisimame wapi kuona hayo yote bila kupanda? Magoti yangu hayana bima.

#26 Gurudumu18

Alabama Hills, kilomita chache tu magharibi ya Lone Pine. Fika kabla jua halijachomoza. Utaona mawe ya duara ya rangi ya kahawia mbele, na nyuma yake Whitney kijivu yenye meno. Mwashi atakwambia ni mwamba wa ukoo mmoja. Ule wa chini ulizikwa kwenye udongo wenye unyevu, ukaliwa kona taratibu. Ule wa juu unapasuliwa na barafu kila mwaka.

Jina, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lilitolewa na wachimba madini waliounga mkono Kusini, wakisherehekea manowari yao ya Alabama. Manowari ya Kaskazini, Kearsarge, ilipoizamisha mwaka 1864, wachimba madini wa upande wa pili wakaenda kaskazini wakaita mgodi wao Kearsarge. Kisha kipito, kisha kilele, vyote Kearsarge. Ukiwa pale unaona milima miwili inagombana kwa majina ya meli, na bahari iko upande wa pili wa ubao.

Nimepigiwa simu, mzigo umeshapakiwa. Kituo cha juu wanasema minyororo ni lazima usiku huu.